Kumbakiza Verlyn Hadi Mechi ya Brandt

Jumatatu, 4 Oktoba 1943

Wewe uliyelishika daftari hili, nakusihi, lifunge. Kama umeshindwa kulifunga, basi yote uyasomayo yafie kifuani mwako. Usimwambie mkeo. Usimwambie mchungaji. Zaidi ya wote, usimwambie Grubb. Tuko vitani, na watu wameitwa kuhojiwa kwa maneno machache kuliko haya.

Naitwa Lyle Amundrud. Shahada ya historia, daraja la kwanza. Karani wa ofisi ya michezo, Chuo cha Marbury, Iowa. Jeshi limenikataa mara mbili kwa ajili ya sikio la kushoto, lililotoboka utotoni. Sikio bovu halionekani. Hapo ndipo shida yangu ilipo. Mwenye mguu mmoja hupishwa njiani. Mimi huulizwa kwenye foleni ya sukari mbona kijana mzima bado yuko mjini. Leo mama mmoja kaniuliza, watu wote wakisikia, kama mama yangu bado ananinyonyesha.

Habari ya leo ni mbaya. Nusu ya chuo chetu sasa ni ya wanamaji. Wavulana wetu wamekwenda vitani, na serikali imetuletea wengine wasomee uafisa: asubuhi fizikia, mchana kwata katikati ya mahindi, na bahari iko safari ya siku mbili kwa treni. Bila wao tusingekuwa na timu. Leo Kocha Stroud katoka kwa Luteni Kessinger, mkuu wa wanamaji hawa, akatupa kofia yake mezani kwangu, juu ya wino. Kundi la kwanza linaondoka tarehe mosi Novemba kwenda shule ya maafisa huko mashariki. Verlyn Dahlke yumo. Mechi dhidi ya Chuo cha Brandt ni tarehe kumi na tatu!

Verlyn ndiye mrushaji wetu katika mpira huu wa Kimarekani, wa kubebwa mikononi. Wengine huuangukia mpira, huukumbatia kama mtoto mchanga na kukimbia nao mpaka waangushwe. Verlyn huurusha, na huko mbali unakuta mikono ya mwenzake inaungoja. Ni mtoto wa mkulima wa hapa hapa wilayani. Tulilala chumba kimoja mwaka wa kwanza. Ni mtu pekee anayesimama upande wa sikio langu zima bila kukumbushwa.

Kocha Stroud ni mzee wa miaka sabini, mwalimu wa Kilatini aliyetolewa kwenye kustaafu kwa sababu kocha mwenyewe yuko Pasifiki. Kasema bila Verlyn ataifuta mechi. Na mechi ya Brandt ikifutwa, msimu hauhesabiwi. Na msimu usipohesabiwa, hakuna sweta.

Niseme kuhusu sweta. Ni ya sufu nyeupe, ina herufi M kubwa nyekundu kifuani. Hupewa kila aliyemaliza msimu na timu, karani akiwemo. Ukipita barabarani na sweta ile, hakuna mama atakayekuuliza neno. Siombi medali. Naomba sweta.

Sitaki unione mchoyo. Yupo pia mama yake Verlyn. Jumamosi alinipa kipande cha pai ya tufaha, akanivuta kando nyuma ya jukwaa. Harlan, mwanawe mkubwa, alikufa Tunisia wakati wa masika. Alisema shule ya maafisa ni miezi minne, na katika miezi minne vita vinaweza kwisha. Alinishika mkono. "Wewe umesoma, Lyle. Mwangalie mwenzio." Nikaahidi. Nikamaliza pai.

Sasa fikiri nami. Nikimbakiza Verlyn hapa muhula mmoja zaidi, mama yake anapata miezi minane badala ya minne. Kocha anapata mechi. Mimi napata sweta. Sioni anayeumia.

Jumatano, 6 Oktoba

Nimepata njia! Haendi mtu mashariki kabla hajafaulu mtihani wa kuogelea. Wanaruka kutoka juu na nguo zao, kisha wanaogelea bwawa zima kwenda na kurudi. Asiyejua kuogelea hubaki mpaka ajue. Mtihani ni keshokutwa.

Hili nililisikia kupitia ukuta. Chumba cha pili ni ofisi ya Grubb, karani wa wanamaji. Kati yetu kuna ubao mwembamba tu. Grubb ana sare, ana masikio mawili, na hupiga mluzi tangu asubuhi mpaka jioni. Hajawahi kuiona bahari, katoka Nebraska. Lakini ukimwona anavyotembea, utadhani sakafu inayumba.

Nilimkuta Verlyn akifunga viatu vya mazoezi. Nikamweleza: ruka, zama, kaa huko chini mpaka wakutoe. Akakataa. Alisema yeye akidanganya hucheka, na alicheka hata mbele ya mchungaji wakati wa kipaimara. Nikamwambia chini ya maji hakuna atakayeona kama anacheka. Alifikiri kidogo, akasema hilo ni kweli. Akauliza kama wakimbakiza atakuwa nyumbani Krismasi. Nikasema bila shaka. "Basi nitazama, kaka," alisema, kana kwamba nimemtuma dukani.

Ijumaa, 8 Oktoba

Aibu.

Verlyn aliruka. Akazama. Akakaa. Akaendelea kukaa. Nilikuwa nimejificha nyuma ya rundo la taulo. Mwalimu wa kuogelea alitazama saa yake, akaitikisa, akaitazama tena. Akawaita wenzake. Mtu akamkimbilia Luteni Kessinger, naye akaja na leso ya chakula bado shingoni. Wote wakainama ukingoni wakitazama chini, na Verlyn kule chini, nasikia, aliwapungia mkono.

Hatimaye akapanda mwenyewe. Baadaye aliniambia alidhani wamemsahau. Wakampigia makofi! Luteni akamshika mkono, akasema tangu aingie jeshini hajaona mapafu ya namna ile, na kwamba watu wa nyambizi wanatafuta vijana kama yeye. Kisha, kwa kuwa tayari alikuwa majini, wakamwambia aogelee. Akaogelea kama fisi-maji.

Grubb alipita mlangoni kwangu makusudi. Kasema rafiki yangu atapewa nyambizi, bahati iliyoje, humo hakuna hata dirisha la kutazamia samaki.

Nyambizi! Mama Dahlke akisikia! Sikula chakula cha jioni.

Jumamosi, 9 Oktoba

Tumeshinda 19 kwa 6. Verlyn alirusha mara tatu kwenda mbali sana, na mara zote tatu mtu alikuwapo. Mzee Dahlke alikuja na lori lake, yeye na majirani watatu waliochanga petroli ya mgao. Huketi mahali pale pale kila Jumamosi, safu ya juu kabisa karibu na mlingoti. Hapigi kelele. Mwanawe akirusha, yeye huinua kofia kidogo kichwani, kisha huirudisha.

Baada ya mechi Kocha aliwakumbusha wachezaji kuhusu Brandt. Tangu babu zetu, Marbury na Brandt tunashindania birika kubwa la shaba. Anayeshinda huliweka kwake mwaka mzima. Mwaka jana wao ndio waliokuwa nalo, na zilipokuja siku za kukusanya vyuma chakavu kwa ajili ya vita, wakalitoa. Wakapiga picha. Wakasifiwa gazetini kwa kujitolea kwao! Nusu ya birika lile ilikuwa yetu. Sasa limeyeyushwa, limekuwa maganda ya risasi, na kilichobaki ni kitako chake cha mbao. Tutashindania kitako. Mmoja wa wachezaji alicheka. Kocha akamwambia mwenye kucheka atoke nje, na kwamba yeye mwenyewe amewafundisha wavulana sita ambao sasa wamebaki majina ukutani kanisani, na hajaona hata siku moja mtu akiyacheka majina yale kwa kuwa wenyewe hawapo. Hakuna aliyecheka tena.

Jumatano, 13 Oktoba

Matubwitubwi!

Bweni la tatu kuna mwanafunzi mmoja, Pruitt, amevimba mashavu kama panya buku. Wamemtenga peke yake. Daktari kasema anayevimba hasafirishwi popote mpaka wiki tatu zipite. Wiki tatu! Verlyn akiambukizwa mapema na kuvimba mwishoni mwa mwezi, tarehe mosi hatapanda treni. Kuhusu mechi sijafikia bado. Hatua moja kwa wakati mmoja.

Nilimwambia Verlyn aende dirishani kwa Pruitt akacheze naye karata, maana yule kijana yuko peke yake na ana huzuni. Hii ya huzuni niliiongeza tu. Verlyn alisikitika kweli. Kasema ataenda leo leo.

Jumatatu, 18 Oktoba

Verlyn amekwenda kwa Pruitt kila siku. Na kwa kuwa alimhurumia, alikwenda na wenzake: wale watano wakubwa wa mstari wa mbele, wanaokaa kati ya Verlyn na dunia nzima. Wamecheza karata, wamekula kutoka sahani moja, wamepokezana harmonika ya Pruitt, mdomo kwa mdomo.

Leo nikamuuliza anajisikiaje shingoni. Akasema vizuri sana. Akasema matubwitubwi aliyapata akiwa na miaka sita, na hayarudi. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akanitazama kwa upole. "Hukuuliza, kaka. Uliniambia mtu ana huzuni."

Jumatano, 20 Oktoba

Sasa nimetulia. Nimeacha mambo ya maji na magonjwa. Nimerudi kwenye ninayoyajua.

Mwongozo wa Chuo cha Marbury, ukurasa wa tisa: mwanafunzi akifeli somo la lazima atalirudia katika muhula unaofuata. Nimeupiga mwongozo huo chapa mwenyewe, naujua kwa moyo. Mtihani wa fizikia ni Jumatatu. Verlyn aache maswali ya mwisho. Afeli kidogo tu, kwa adabu. Atarudia muhula. Sijui kwa nini sikuanza na hili.

Verlyn hakulipenda. Alisema fizikia ndilo somo analolipenda kuliko yote. Aliuliza kama nimemuuliza Grubb. Nikasema nimehakikisha. Nami nilikuwa nimehakikisha: nilifungua ukurasa wa tisa nikausoma tena. Grubb siwezi kumuuliza. Grubb ana pua. Ukimuuliza saa atataka kujua unamkimbia nani. Na kusema kweli namwogopa. Namwogopa Luteni pia. Mlango wake una kioo cha ukungu, na nikiona kivuli chake tu hurudi nilikotoka.

Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za jukwaa. Verlyn alizungusha mpira mikononi muda mrefu. Alisema mama yake ameanza kuweka sahani tatu mezani, yao wawili na moja ya Harlan, na baba yake haiondoi. Akasema angependa kuwapo nyumbani Krismasi moja tu, ili hiyo sahani ya tatu iwe ya mtu. "Wewe ndiye mwenye shahada," alisema. "Ukisema nitarudia, nitarudia."

Nikasema atarudia.

Jumatatu, 25 Oktoba

Verlyn ndiye aliyetoka kwanza kabisa kwenye mtihani. Alijibu maswali manne, akaweka kalamu chini, akakunja mikono. Nilimngoja chini ya mti wa mwaloni. Hapana, si mwaloni. Sijui ni mti gani, nilikuwa natazama mlango tu. Alisema lilimuuma kuacha swali la mwisho, kwa sababu lilikuwa la kapi na kamba, na lilikuwa zuri. Alilijibu kichwani hata hivyo.

Nimemnunulia soda. Mambo yamekwenda sawasawa. Mpango wa kwanza maishani mwangu uliokwenda sawasawa!

Ijumaa, 29 Oktoba

Nimeharibu.

Asubuhi mluzi wa Grubb ulikatika katikati ya wimbo. Kupitia ubao nikasikia akimsomea mtu kwa simu. Dahlke, Verlyn. Amefeli fizikia. Ametolewa kwenye masomo ya uafisa. Anapelekwa kambi ya mabaharia wa kawaida, aondoke Jumatatu. Baada ya hapo melini.

Nikainuka nikaenda kwa Grubb. Mara ya kwanza kuvuka kizingiti chake. Nikamuuliza, kana kwamba napita tu, kama mwanamaji akifeli harudii muhula. Grubb alinitazama, kisha akaegemea kiti.

"Kurudia? Bwana mdogo, hii ni vita, si shule ya Jumapili. Chuo chenu kinarudisha. Sisi haturudishi mtu. Ukianguka huku unaangukia melini." Kisha akasema si kwa kejeli, na hilo ndilo lililoniumiza, kwamba ningemuuliza tu, angeniambia.

Wiki chache za kambi, alisema. Hawakawii siku hizi. Hakuna tena ile miezi minne. Hakuna hata miwili.

Nikaenda moja kwa moja mlango wa Luteni. Nilikuwa na maneno yote tayari: kijana alijua majibu, ni mimi niliyemdanganya, muulizeni swali la kapi sasa hivi, mumpime upya, mnifunge mimi. Nikabisha. Luteni akasema ingia. Nikaingia. Akauliza kuna nini, Amundrud.

Nikamwambia taulo za chumba cha wachezaji zimepungua.

Akasema nimwandikie Grubb. Nikasema ndiyo, afande. Nikatoka, nikafunga mlango polepole usigonge.

Jumatatu, 1 Novemba

Stesheni ilijaa. Treni mbili. Upande huu ile ya mashariki: bendi ya chuo, wasichana wenye maua, vijana wenye mabegi mapya wanaokwenda kuwa maafisa. Upande wa pili, treni fupi ya kuelekea Chikago, na Verlyn peke yake na begi lake. Bendi iliwapa mgongo wale wa upande ule. Hawakufanya kwa ubaya. Jukwaa la stesheni ni jembamba.

Mzee Dahlke alivaa suti ya kanisani. Mama Dahlke alimfungia mwanawe vifungo vya koti, vyote, kisha akavifungua na kuvifunga tena. Akanigeukia, akauliza mafunzo ya kule ni ya muda gani. Nikasema mengi. Nikasema marefu. Nikasema jeshi la maji ni watu waangalifu sana.

Verlyn alinivuta kando, upande wangu wa kulia. Nilidhani atanipiga. Nilitamani anipige. Akacheka. "Ulisema nitarudia, kaka, na kweli narudia. Naanza mwanzo kabisa, na ufagio." Halafu akaacha kucheka. Akaniomba nisimwambie baba yake. Mzee akijua mwanawe alifeli makusudi hatalielewa, na mama atalielewa vizuri mno. Waache waamini fizikia ilikuwa ngumu.

Nikaahidi. Siku hizi naahidi sana.

Treni yake ndiyo iliyotangulia. Bendi bado ilikuwa inapiga kwa ajili ya wale wengine.

Jumatano, 10 Novemba

Wale watano wa mstari wa mbele wamevimba wote. Wamelala kwenye bweni la tatu kama maboga shambani. Hawatatoka kabla ya mwisho wa mwezi. Pruitt mwenyewe amepona na anakimbia.

Kocha aliwapanga waliobaki uwanjani, akawahesabu kwa kidole. Akahesabu tena kuanzia upande wa pili. Kumi. Pamoja na Pruitt, ambaye hajawahi kugusa mpira, na Tibbets wa bendi, mpiga tarumbeta, atakayerusha badala ya Verlyn, baada ya Kocha kughairi kuifuta mechi. Mchezo unataka kumi na mmoja. Kocha akavua kofia, akasema basi, atawapigia simu Brandt.

Nikasema, kwa sauti ambayo sikuijua, kwamba haiwezekani. Vijana wameondoka kwa ajili ya mechi hii. Wote wakanitazama. Sikukusudia kusema hivyo.

Kocha akanikagua toka kichwani mpaka viatuni, kama mtu anayepima kiti kibovu kama kitamhimili. Akauliza uzito wangu. Nikamwambia. Akafumba macho. Akauliza kama nina viungo vyote. Nikamkumbusha sikio. Akasema katika mchezo huu sikio halina kazi yoyote, na kwamba nikachukue kofia ya ngozi.

Jumamosi, 13 Novemba

Brandt 47, Marbury 0.

Nimecheza. Naandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia umevimba.

Kazi yangu ilikuwa kuinama, kisha kumzuia aliye mbele yangu. Aliye mbele yangu alikuwa mtoto wa muuza nyama, shingo yake sawa na paja langu. Alinisalimia vizuri kabla ya kuanza, habari za leo, bwana. Kisha akanipitia. Mara ya pili alinipitia tena. Mara ya tatu akaniuliza kama Marbury tumeishiwa watu mpaka tumeleta mkutubi. Nikamwambia mimi ni karani. Akasema pole, akanipitia. Kufikia mapumziko alikuwa ananiokota mwenyewe na kunipangusa majani.

Tibbets alirusha mara nane. Mbili zilikwenda kwa bendi, na bendi ilizidaka, kwa kuwa yeye huko ndiko alikozoea kutazama.

Kwenye robo ya mwisho nikainua macho. Safu ya juu, karibu na mlingoti, Mzee Dahlke. Peke yake, majirani hawakuja. Petroli yote ilikuwa yake siku hiyo. Alikuja kutazama mechi isiyo na mwanawe. Tibbets aliporusha, yule mzee aliinua mkono kwenda kwenye kofia, halafu akaushusha.

Baada ya mechi alinisubiri kwenye uzio. Akasema ameniona, na kwamba naanguka vizuri, silalamiki. Kisha akauliza, maana mimi niko ofisini, najua mambo: je, kijana alifeli kweli? "Yule mtoto alinipigia hesabu ya kapi la kupandishia majani ghalani akiwa na miaka kumi na miwili. Mpaka leo linafanya kazi. Nashindwa kuelewa, Lyle."

Nikasema mtihani ulikuwa mgumu, mzee. Akaitikia kwa kichwa. Akasema mkewe hataki tena kuja mjini, ila kanisani tu. Akasema shamba limekuwa kubwa ghafla, wamebaki yeye, mama, na ng'ombe, na mgongo wake si ule wa zamani. Akanipa mkono. Aliushika ule wangu uliovimba, na sikuurudisha.

Kocha alinipa sweta chumbani mbele ya wote. Mtu akapiga makofi. Brandt walichukua kitako cha mbao wakaenda nacho.

Jumapili, 14 Novemba

Nimevaa sweta kanisani. Hakuna mama aliyeniuliza kwa nini niko mjini. Mmoja tu aliniuliza kama ni ya kaka yangu.

Mama Dahlke alikuwa mbele yangu viti viwili. Hakugeuka. Nilitazama kisogo chake wakati wote wa mahubiri, na pale, kati ya zaburi na sadaka, likanijia. Maneno ya mzee: yeye, mama, na ng'ombe!

Kwenye ubao wa matangazo wa kamati ya wilaya imeandikwa wazi. Nimeisoma mara mbili leo baada ya ibada: kijana ambaye ndiye pekee aliyebaki wa kulima shamba la familia, mzazi akiwa hajiwezi, huachwa shambani. Tangazo ni la vijana ambao bado hawajaitwa, lakini sheria ni sheria. Wilaya na jeshi la maji lazima wanasoma kitabu kimoja. Sikuona haja ya kumsumbua Grubb. Verlyn bado yuko kambini. Kuna wakati. Kinachokosekana ni mzazi asiyejiweza.

Nikamfuata Mzee Dahlke kwenye lori. Nikamweleza kwa makini, kwa lugha nyepesi. Alinisikiliza akiwa ameshika usukani. Akauliza kama nina hakika. Nikasema nimehakikisha. Akasema kwa ajili ya kijana yuko tayari hata kuvunjika. Nikamtuliza. Hakuna atakayevunjika. Ni kuteguka tu. Ataanguka kutoka ngazi ya ghala, Jumatano asubuhi, mbele ya mkusanya maziwa ili pawepo shahidi. Nimemwelekeza asipande zaidi ya daraja la tatu. Yeye anafikiri la tano ndilo litakaloaminika. Tumekubaliana la nne.

Safari hii hakuna maji, hakuna ugonjwa, hakuna mtihani. Sioni anayeumia.

Kama umesoma mpaka hapa na una neno la maana la kuniambia, usipige simu ofisini na usiache ujumbe kwa mtu. Njoo mlango wa nyuma wa chumba cha kufulia, ambako jezi huanikwa. Nipo kila siku baada ya saa tisa alasiri. Ukimkuta mtu mwingine, sema umeleta sabuni, uondoke. Ukinikuta mimi, sema upesi na kwa sauti ya chini, maana Jumatano mzee anapanda ngazi.